Mkia wa Tatu

Greyville, Durban
9 Februari 2025

Shangazi Scola,

Leo natanguliza jambo kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitaijaza karatasi nzima na jambo lenyewe litakosa mahali. Nimechora kitu ambacho sikukiona, na nimekichora kwa mstari kamili. Baba hajui, Mama hajui, Laurette wa saluni hajui. Wewe ndiye wa kwanza.

Sasa shikamoo. Sisi hatujambo. Baba bado yuko kwenye ghala la Clairwood. Mgongo unamsumbua, lakini anasema ni godoro. Mama amewaambia akina mama wa kanisani kwamba tangu nimalize shule nafanya kazi kwa daktari, na sasa kila Jumapili kuna mmoja ananivuta pembeni kuniuliza habari za presha yake. Natabasamu tu, unanijua. Kueleza kungehitaji maneno mengi.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako hapo nyumbani inasomwa na kila mtu. Ujumbe wa sauti niliokutumia Krismasi ulisikilizwa mezani, na Estella wako alinirudishia akiigiza jinsi ninavyohema kabla ya kusema. Barua hii inakuja na Mama Marwa, yule anayeleta vitenge huku na kurudi na mablanketi.

Daktari mwenyewe anaitwa Dakta Yvette, na si wa watu, ni wa mawe. Alitoka Kongo miaka mingi iliyopita, akafundisha chuo mpaka akastaafu, na sasa amepewa chumba cha nyuma kwenye makumbusho moja hapa mjini ili asome visukuku vya samaki, yaani samaki waliokufa zamani sana hata tope lililowafunika likawa jiwe. Alinipata saluni. Mimi ndiye niliyechora ubao wa mitindo ya nywele pale kwa Laurette. Dakta alikuwa amekaa anasukwa, akauliza nani kachora, na Laurette akanionyesha kwa kitana. Akataka kujua kwa nini kila mtindo una idadi yake ya mistari. Nikasema ndivyo ilivyokuwa kichwani mwa mtu. Akasema nije Jumanne.

Kazi ni hii. Zaidi ya miaka mia iliyopita, elimu hii ilipokuwa changa, wachoraji walikuwa na tabia ya kumalizia samaki. Jiwe lina nusu ya samaki, wao wanachora mzima, na jicho wanalitia mng'aro kama kanunuliwa asubuhi ile. Wasomi wa ng'ambo ambao jiwe hawakuliona waliitazama picha, wakaandika kurasa nyingi juu ya mapezi ambayo hayakuwapo. Dakta anayatafuta mawe yaleyale na kutaka yachorwe upya. Kilichomo kwenye jiwe kinapewa mstari kamili. Kilichovunjika lakini kinajulikana kinapewa nukta nukta. Kisichojulikana, panaachwa peupe. Siku ya kwanza aliniwekea penseli mkononi akasema kwa Kiswahili chao, "Mustari ya kamili, ni kusema: miye nilionaka."

Jiwe nililopewa liliazimwa kutoka makumbusho nyingine, mbali huko bara. Samaki ana urefu wa kiganja. Mchoro wake wa zamani una mkia mzima uliotanuka kama upepeo, na Dakta anasema yule bwana alijitungia. Kwenye jiwe, mkia umepitiwa na ufa. Juu ya ufa kuna kipande, chini kuna kipande, na pale kati kuna mikwaruzo miwili. Huenda ni miiba ya pezi. Huenda ni sindano ya mtu aliyelisafisha jiwe zamani. Mimi nilichora miiba kumi na mmoja, kimkia kidogo kinachochungulia katikati ya mkia mkubwa.

Najua nilikokitoa. Nilikuwa na miaka saba, bado naishi kwako Tanga, wavuvi walipoleta yule silikanti, samaki wa kale, hospitali ukampiga picha kwenye eksirei wagonjwa walipokwisha. Ulininyanyua nikaona filamu mbele ya taa. Ukanihesabia mkia: wa juu, wa chini, na huu wa tatu. Mkono wangu ulimchora yule, si huyu.

Dakta aliusogeza mchoro karibu na uso, akaupitishia kidole, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe alikuwa akishuku kwa miaka kwamba samaki huyu ni wa ukoo wa silikanti, na mkia wa tatu ndio ushahidi aliokuwa ameukosa. Nilifungua mdomo niseme. Alikuwa ameshampigia simu mwenzake wa Pretoria.

Ameanza kuandika makala. Jiwe linarudishwa kwa wenyewe mwisho wa Machi. Nifanye nini? Usimwambie Baba, tafadhali, wala mtu mwingine.

Mwanao,
Bupe


Tanga
16 Machi 2025

Mwanangu Bupe,

Marahaba. Barua yako ilifika Alhamisi. Mama Marwa alikwama mpakani Tunduma siku sita kwa sababu ya karatasi za mablanketi, na amekuja amekonda kiasi cha kunifanya nimpikie kabla sijaifungua bahasha.

Huku ni wazima. Bati la jikoni linavuja mahali palepale ambapo fundi alisema halitavuja tena. Estella yuko kidato cha nne na anasoma kwa sauti ya kuhubiri, nyumba nzima tunajua kemia. Mwambie baba yako si godoro. Kaka yangu tangu utotoni kila kinachomuuma ni kosa la kitu kingine. Aende apigwe picha ya mgongo, na wakimwambia atoe pumzi, atoe kweli.

Mimi siku hizi nakaa mapokezi. Naandika majina ya watu na mtaa wanaotoka. Kazi ina kiti na feni. Filamu ya yule silikanti sijui iliko, na habari za chumba kile usiniulize.

Sasa samaki wako. Nimefikiri jambo hili siku tatu. Huyo alikufa kabla hajazaliwa mtu wa kumzika, hana ndugu atakayekuja dirishani kudai majibu. Kama ukoo wake wote una mkia wa tatu, basi na yeye huenda alikuwa nao, na wewe umesema jambo linaloelekea kuwa la kweli kwa njia isiyo sahihi. Ukifungua mdomo utapoteza kazi, na huyo mama wa watu utamwangusha mbele ya wenzake. Usipofungua, hakuna kitakachotokea. Mimi naona unyamaze, uendelee, na usirudie.

Barua yako nimeiweka mfukoni mwa sare yangu ya zamani. Hakuna anayeigusa.

Shangazi yako,
Scola


Greyville, Durban
13 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini bati limepatiwa fundi mwingine. Baba alikwenda kupigwa picha. Ni mfupa wa chini ya mgongo umesogea, na sasa analaumu ngazi za ghalani. Mama hajambo. Mimi mzima.

Jiwe limeondoka. Nililifunga mwenyewe ndani ya sponji, nikaandika anwani, dereva akalichukua. Kilichobaki ni mchoro wangu, daftari langu la vipimo na picha tatu za kamera zilizopigwa kwa taa ya juu, ambamo ule ufa unaonekana kama kamba nyeupe tu. Kwa hiyo sasa mkia wa tatu uko mahali pamoja duniani, na ni kwenye karatasi yangu.

Makala imekubaliwa na jarida. Mwisho wa Mei itarudishwa kwetu ikaguliwe, kisha ichapwe. Dakta alinipeleka saluni kusherehekea, akawaeleza wote samaki ni nani na mkia ni upi. Laurette alisikiliza huku anasuka, akauliza kama analiwa. Dakta akasema amechelewa kidogo. Laurette akasema, "Huyu mutoto hasemaka kitu, kumbe iko anaficha samaki." Walicheka sana. Nilitazama ubao wangu wa nywele.

Nimejaribu kufuata ulivyoniambia. Kunyamaza nakuweza, ndicho kitu nilichokiweza kuliko wote tangu darasa la kwanza. Lakini nimegundua kwamba huku si kunyamaza. Nikinyamaza kama kawaida yangu, hakuna kinachosemwa. Hapa mstari unasema kila siku, na unasema kwa jina langu, maana Dakta ameliandika chini ya mchoro.

Kuna jambo jingine nisilolielewa. Wiki iliyopita Dakta aliniomba nimsomee makala yake mwenyewe kwa sauti, akasema balbu ya chumba ni mbovu. Nikaleta balbu mpya. Juzi akaniomba tena.

Uliniambia nisiulize, nami nauliza. Kwa nini uko mapokezi? Baba alisema ni umri. Una miaka arobaini na tisa. Usiponijibu sitauliza mara ya pili. Na haya ya kwangu bado usimwambie mtu.

Bupe


Tanga
4 Mei 2025

Bupe mwanangu,

Marahaba. Tuko salama. Fundi mpya amekuja, amesema fundi wa kwanza hakuwa fundi. Estella amehama kemia yuko historia, tunapumua.

Naijibu barua yako leoleo kwa sababu Mama Marwa anaondoka kesho, na kwa sababu nikilala nayo nitaandika habari za bati tu.

Kwenye eksirei kuna herufi mbili ndogo za madini ya risasi, moja ya kushoto na moja ya kulia. Unaiweka inayohusika pembeni ya kiungo kabla ya kupiga, kwa kuwa filamu ukiigeuza, goti la kushoto linakuwa la kulia na hakuna atakayejua. Ndivyo chumba kile kilivyofanya kazi, na kwa miaka ishirini na miwili sikuwahi kukosea. Watu wa zamu nyingine waliniita nikague za kwao.

Novemba mwaka juzi niliweka herufi ya kushoto kwenye goti la kulia la mama mmoja. Niligundua jioni, nilipokuwa nazirudisha herufi kwenye kopo. Nikajiambia daktari ataona mwenyewe goti lipi limevimba. Kesho yake nikajiambia kesho. Siku ya tatu wakampasua la kushoto, lililokuwa zima. Aliyeitwa ofisini kwanza ni daktari kijana, mwenye miezi minne kazini. Siku ya nne nikaenda nikasema ni mimi.

Hawakunifukuza. Walinipa kiti na feni. Yule mama anakuja kliniki kila mwezi, na kila mwezi anasimama dirishani kwangu na fimbo yake, namuuliza jina kana kwamba silijui. Baba yako hajui. Wanangu hawajui. Hospitali wanajua na wamechoka kulizungumza.

Barua niliyokuandikia Machi ichane. Nilitaka pawepo mtu mmoja ambaye amenyamaza na hakuna kilichotokea. Halikuwa shauri, yalikuwa mambo yangu.

Mwambie Dakta wako kabla hawajachapa. Mimi nilisema siku ya nne. Siku ya kwanza ingetosha.

Scola


Greyville, Durban
22 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mama Marwa amefika juzi Ijumaa. Aliugua njiani akalala Lusaka kwa dada yake wiki nyingi, na barua yako ililala naye. Sasa ni mzima, ameanza kubishana bei. Baba amepewa kazi ya kukaa, anahesabu malori yanayoingia. Baridi imefika kiasi cha hapa, Mama amevaa soksi ndani ya ndala.

Barua yako nimeisoma yote. Sijui kuandika kitu cha maana juu yake, kwa hiyo naandika tu kwamba nimeisoma, na kwamba sijabadilika kwako.

Lakini haikuniwahi. Nilikuwa nimeshasema tarehe 27 Mei, nikiwa bado na ile ya Machi tu.

Ilikuwa hivi. Makala ilirudi kukaguliwa. Dakta alifumba macho kwenye kiti akaniambia nisome kwa sauti, neno kwa neno, nisiruke hata koma. Nikasoma kurasa zote. Nikafika chini ya mchoro, palipoandikwa kwamba mistari kamili ni sehemu zilizoonekana kwenye jiwe. Nikasoma hayo, kisha nikaendelea kana kwamba bado nasoma: "isipokuwa mkia wa tatu."

Akauliza, "Hiyo iko kwa karatasi?"

Nikasema hapana, nimeiongeza mimi.

Hakufumbua macho. Akaniuliza, "Uliionaka, ao uliifikiriaka?"

Nikasema niliifikiria.

Halafu akavuta kiti, akataka nimweleze mchoro wote, mstari baada ya mstari, upi niliuona na upi niliufikiria. Tulianza na pua. Magamba yalikuwa sawa. Mapezi ya tumboni yalikuwa sawa. Nilimweleza ile mikwaruzo miwili na nikamweleza kuhusu silikanti wa Tanga, ila sikusema filamu aliipiga nani. Tulipomaliza alichukua kalamu akaandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa wa kwanza kwamba makala inaondolewa. Mstari ulipanda mlima, ukatoka nje ya karatasi. Akasema niende nyumbani.

Nilikaa nyumbani wiki mbili. Mama aliwaambia kanisani kwamba daktari amesafiri. Ndani ya wiki hizo zote hakuna aliyeniuliza kuhusu presha, na niligundua kwamba nilikuwa nimezoea kuulizwa.

Siku ya kumi na tano Laurette alituma mtu aniite, nikadhani ni ubao. Dakta alikuwa kwenye kiti anasukwa. Alimtuma Laurette dukani akanunue nyuzi za rangi ambayo saluni tayari ilikuwa nayo. Laurette aliitazama rafu, akamtazama Dakta, akatoka.

Dakta akaniambia haoni. Si kwamba ni kipofu, ila ukungu umemshika macho tangu mwaka jana, na jicho la kulia ndilo baya zaidi. Nukta na mstari kwake vimekuwa kitu kimoja. Ule mchoro alikuwa ameusoma kwa kidole, akifuata mfereji wa penseli, na penseli yangu ilikuwa imekandamiza vizuri pale penye uongo kuliko mahali pengine popote. Jiwe nalo aliligusa, akaugusa ufa, akachagua kuamini karatasi. "Weye ulifikiriaka," alisema, "na miye vilevile." Makumbusho wakijua watamnyang'anya chumba, na mawe yatarudi kwenye makasha.

Nilimjibu kwa sauti iliyosikika, Laurette anasema hata yeye aliisikia kutoka mlangoni, ingawa hakushika maneno. Nilisema nitarudi, lakini kuanzia sasa iandikwe wazi kwenye kila makala kwamba aliyeona ni mimi na aliyeeleza maana ni yeye. Alifikiri. Akasema kumbe naweza kusema. Akakubali.

Sasa kila asubuhi naweka jiwe mezani na kulisoma kwa sauti, kutoka kichwani kwenda mkiani. Nikifika mahali sioni, nasema sioni. Siku mbili za kwanza sauti ilikauka, Dakta akaniambia niongeze nguvu kwa kuwa samaki ni kiziwi. Yule wa mwanzo tunamwandikia tangazo dogo lisilo na ukoo wala mkia wa tatu. Nimemchora upya kutoka kwenye picha zile na kwenye daftari langu la vipimo. Pale kati nimepaacha peupe. Ni kazi kubwa kuliko nilivyodhani, maana mistari ya pande zote mbili inatamani kukutana, na mkono inabidi uinuliwe kabla.

Dakta atapasuliwa jicho la kulia Agosti. Nimemwomba siku hiyo achukue kalamu mwenyewe, kabla hawajamlaza, na ajiwekee alama juu ya nyusi ya kulia. Hakuniuliza kwa nini. Alisema nimnunulie kalamu isiyofutika.

Barua yako ya Machi nimeichana. Ya Mei iko ndani ya kasha la penseli zangu, na goti halijatoka humo. Ya kwangu, ya mkia, unaweza kumwambia unayemtaka, hata mezani, hata Estella aigize ninavyohema. Ila hii ya macho ya Dakta ni ya mtu mwingine, nami nimekupa kwa sababu nilikuwa nimeanza kukupa ya kwangu. Iweke kwenye sare, Shangazi. Mpaka Agosti usimwambie mtu.

Bupe